Sponji Jeupe la Kisyeri

Ghati alishamdharau mumewe, Kisyeri, kwa mambo mengi kabla ya hao samaki. Alimdharau kwa kofia yake ya kauboi, kwa jino la dhahabu alilolipachika mahali palipokuwa na jino zima, na kwa tabia yake ya kuongea na simu kwa sauti ya mnadani, mtaa mzima wa Nkende ujue kwamba Kisyeri ana watu. Lakini samaki walizidi. Samaki waliingia kwenye chumba chake.

Kilikuwa chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Humo Ghati aliuza chapati na supu miaka yote ambayo Kisyeri alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu ya Nyangoto, akija nyumbani na vumbi masikioni na hadithi mdomoni. Watoto walisoma kwa supu hiyo. Kisha shimo la Kisyeri na mwenzake Odongo likatema dhahabu. Kisyeri akajenga gesti nyuma ya nyumba, akaenda kutembea Mombasa, akarudi kupitia mpaka wa Sirari na tangi la kioo refu kama jeneza, ndoo za chumvi ya bahari, mashine ya kuchuja maji, na samaki wa rangi ndani ya mifuko ya nailoni iliyovimba.

"Hapa patakuwa mapokezi," alisema. "Mgeni akiingia tu, anakutana na bahari."

"Na mgeni mwenye njaa?"

"Mama Waisiko, wewe bado una mawazo ya sufuria."

Meko ya Ghati yakahamishiwa uani, chini ya bati moja, moshi ukimfuata kila alikogeukia. Wateja wakaanza kupungua, maana nani atazunguka nyuma ya gesti kutafuta supu? Ghati hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, mbele ya Odongo:

"Na hawa samaki wakifa?"

Kisyeri akacheka. "Wakifa wote, chumba chako. Odongo shahidi."

Basi Ghati akakaa kusubiri, na haikuonekana kama atasubiri sana.

Yule aliyemuuzia tangi alimwambia Kisyeri kwamba roho ya tangi ni kichujio. Kisyeri akaona hapo hana la kufundishwa. Si alisimama mwaloni miaka mingi? Mwaloni ndipo mchanga wa dhahabu unapooshwa: unateremshwa na maji juu ya ubao uliotandikwa blanketi, na dhahabu inanasa kwenye manyoya. Aibu ya mtu wa mwalo ni kuacha kitu ndani ya blanketi. Unalifua, unalikamua, unalifua tena, mpaka maji yanayochuruzika yawe meupe.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hata ya chai, Kisyeri alichomoa sponji la kichujio na vile vijiwe vya ndani, akavitia kwenye karai na maji ya bomba na sabuni ya mche, akasugua kama anafua shati la Krismasi. Kisha akalishika sponji juu, wageni waone.

"Pamba ya hospitali hiyo!"

Maji ya tangi yakawa kama maji yaliyooshewa mchele. Samaki wa njano akaelea ubavu. Kisyeri akaongeza sabuni. Wa bluu naye akafuata, na Kisyeri akasugua mpaka vidole vikachubuka.

Mengine Ghati aliyaona kutoka mlangoni, mwiko mkononi. Maji yalipopungua kwa joto, Kisyeri alijazia maji ya chumvi. Mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba supu ikikauka jikoni chumvi inabaki chini, unaongeza maji matupu. Mwanamume aliyekula supu yake miaka yote hiyo hakujua. Naye Odongo kila alipopita aliwatupia samaki tonge la ugali.

"Wametoka mbali, shemeji. Mgeni halali na njaa kwetu."

"Wanakula?"

"Hawali. Wana maringo. Na hata kwenye sufuria hawajazi kijiko!"

Akabaki mmoja, wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, akihema juu ya maji kama mtu aliyepanda mlima. Hapo Kisyeri akakimbilia kwa Tamimu, muuza magodoro wa mjini.

"Tamimu, wewe mtu wa pwani, niokoe."

"Babu yangu ndiye mtu wa pwani," Tamimu akamjibu. "Mimi nimezaliwa huku huku bara, Mugumu. Bahari nimeiona kwenye kalenda. Ila nina shemeji Tanga anavua samaki kama hao. Nitampigia."

Tamimu alipoleta majibu, Kisyeri alikuwa ameenda Nyangoto kuangalia shimo. Tamimu alimkuta Ghati peke yake uani, macho mekundu kwa moshi.

"Mwambie mumeo aache kufua," Tamimu akasema. "Shemeji amecheka mpaka simu ikakatika. Ndani ya sponji na vijiwe kuna vidudu visivyoonekana. Ndivyo vinavyokula sumu ya mavi ya samaki na chakula kilichooza. Vinachukua wiki nyingi kuzaliana, na mumeo anavichinja kila asubuhi kwa sabuni."

"Kwa hiyo ule uchafu ndio kazi yenyewe?"

"Ndio kazi yenyewe. Sponji likiziba kabisa, lisuuzwe kidogo tu, kwa maji yaliyotolewa humo humo tangini. Maji machache yabadilishwe mara kwa mara. Yawe ya kisima, siyo ya bomba yenye dawa, yachanganywe na ile chumvi yakae mpaka kesho yake. Yakipungua, maji matupu. Na chakula, chembe tu."

Tamimu akaondoka. Ghati akaingia chumbani, akamtazama yule wa chungwa. Akinyamaza, sponji litafuliwa mara moja au mbili tena, na chumba ni chake. Lakini alimjua aliyeahidi. Samaki wakifa, Kisyeri ataenda Mombasa kuleta wengine, au atanunua kasuku, aseme ahadi ilihusu samaki wale wa kwanza. Ahadi ya mtu yule ilitolewa kwa kicheko. Samaki aliye hai na anayehitaji dawa, huyo ndiye angembana Kisyeri.

Asubuhi Kisyeri akaja na karai na sabuni. Ghati alikuwa amesimama mbele ya kichujio.

"Pisha, Mama Waisiko."

"Sipishi. Najua kinachomuua, na dawa ninayo."

"Sema basi!"

"Chumba kwanza."

"Unanifundisha kuchuja? Mimi nimeosha dhahabu Nyangoto..."

"Umeosha mpaka akili, ukaikamua."

Odongo, aliyekuwa mlangoni na wageni wa gesti, akashika mbavu kwa kicheko. "Mura, mwanamume mzima, hapo umepigwa! Toa chumba."

Kisyeri akamtazama samaki. Samaki akalala ubavu, akajiinua kwa shida.

"Chukua," akasema, sauti ndogo ambayo Nkende haikuwahi kuisikia.

"Hivi hivi, samaki akiwa hai?"

"Akiwa hai. Odongo amesikia, na hawa wote wamesikia."

Walihamisha tangi asubuhi ile ile. Walichota maji kwenye ndoo, samaki akiwa kwenye ndoo yake peke yake, wanaume wakabeba kioo mpaka korido ya gesti, Ghati akiwaelekeza kwa mwiko. Sabuni aliitia mfukoni mwake. Maji aliyachanganya mwenyewe kwenye pipa, akabadilisha kidogo kidogo kila siku.

Sponji likaanza kupata rangi ya chai. Kisyeri alikuwa akilipita na kufumba macho.

"Nisilifue hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kanywe chai."

Wa chungwa akapona. Maji yalichukua wiki nyingi kutulia, lakini yalitulia, mpaka ungeweza kumuona mtu upande wa pili wa kioo.

Ghati alikuwa amekwisha rudisha mabenchi yake chumba cha mbele, na barabara ikarudi kula. Kisyeri naye alikaa benchi la katikati, akiwaelezea madereva wa Sirari jinsi alivyogundua, yeye mwenyewe, kwa uzoefu wa mwalo, kwamba kichujio hakitakiwi kuoshwa.

Ghati alimuwekea bakuli mbele bila kumtazama. Wateja walikuwa wanamsikiliza, na wakisikiliza walikuwa wanaagiza tena, kwa hiyo alimwacha aongee.