Tabaraka Juani

Nikisikia harufu ya kutu kwenye maji ya tangi, miguu yangu haitulii. Narudi uani kwetu Garissa, adeer, mdogo wake baba, akiunda redio ya kuongea na mama aliyebaki ng'ambo ya mpaka.

Kibao cha shaba cha kujengea redio kilisalia kimoja, kimepakwa dawa inayoshika mwanga. Adeer alikifunika kwa mchoro na kioo ili jua lichape njia za umeme. Saa yake ilikuwa imekufa, basi muda wa juani ungepimwa kwa kisomo changu.

"Soma sura ya Tabaraka polepole, kama mbele ya maalim. Ukimaliza, kimbia nacho ndani."

Mchanga ulinichoma nyayo. Nilimtaka mama siku ile ile, basi nikaisoma mbio, kama tulivyoshindana duksi, chuoni kwa Kurani, maalim akitoka, aya tatu kwa pumzi moja.

Adeer akakiosha ili dawa iliyopigwa na jua itoke, akakitosa kwenye beseni la dawa ya rangi ya kutu, ile inayokula shaba isiyotakiwa. Tukangoja, tukangoja. Haikula kitu. Hakukuwa na njia hata moja.

"Jua la Garissa likose kutosha?" Alikigeuzageuza kibao, kisha akaniangalia. "Uliisoma yote?"

"Yote, adeer," nikasema, na haukuwa uongo.