Maji Aliyopewa Meja

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Nitakusimulia, lakini kaa kwanza, na hiyo simu iache ilie. Nimesikia umeletewa mtoto wa mbwa wa ile aina kubwa, na kwamba umemjengea kibanda cha mabati kabla hujamaliza paa la jikoni kwa mama yako. Sikucheki. Mimi nilikuwa vivyo hivyo, pengine nilikuzidi.

Nilikuwa kijana mwenye ghala la mahindi hapa Malaba, na nilijiona nimefika. Mbwa wa huku enzi hizo walikuwa wale wetu wa kawaida, wembamba, wanaojitafutia chakula jalalani. Kisha tajiri mmoja wa malori akahama, akaniachia dume la German Shepherd, kifua kirefu kimeshuka chini, masikio wima, sauti ya kutetemesha mabati. Nikamwita Meja. Foleni ya kuvuka kwenda Uganda ilipokwama, madereva walikuwa wakishuka kwenye malori waje kumtazama. Wengine walinisalimu kwa heshima ambayo najua haikuwa yangu, ilikuwa ya mbwa.

Tuliamini jambo moja, nalo hata leo watu wanaliamini. Mbwa wa ulinzi alishwe mara moja tu kwa siku, ashibe kabisa, halafu ashinde na njaa ili awe mkali. Nani alitufundisha hayo sijui. Huenda ni mtu aliyekuwa mchoyo wa unga.

Jumapili hiyo nilikuwa nimetoka matangani Port Victoria, ambako nilikaa siku kadhaa. Kuli wangu wa ghalani alimwogopa Meja, kwa hiyo alimtupia vipande vya ugali kupitia chini ya mlango na kwenda zake. Nilimkuta mbwa ana njaa ya kula mawe. Nikasonga ugali wa karai zima, nikachanganya na mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishatolewa. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Vijana wenzangu wakasimama uani kumwangalia akila, maana kumwangalia Meja akila ilikuwa sinema yetu. Hakutafuna. Alimeza tu, na karai likabaki limelambwa safi. Mimi nilivimba kichwa kana kwamba nimekula mimi.

Basi nikapanda baiskeli, nikampigia mluzi anifuate. Tulikwenda mbio mpaka juu kanisani na kurudi, kisha tena, watu wakishangilia kandokando ya barabara. Mara ya pili akaniacha, akakata kona kuingia kwa Mzee Etyang.

Mzee Etyang alikuwa jirani yangu, mtu wa makamo ya baba yangu. Kwake ndiko wanaume wa kijiji walikokaa kunywa ajon, ile pombe yetu ya wimbi. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Chungu huwa kimoja katikati, mama anamimina maji ya moto juu ya chachu ya wimbi, na kila mtu anatumbukiza mrija wake mrefu humo humo. Mkinywa hivyo mmeaminiana. Na mtu akitaka kulimiwa shamba, hualika majirani, wakaja na majembe asubuhi, na mchana malipo yao ni chungu hicho. Jifya moja haliinjiki chungu, na mkono mmoja haulimi wimbi.

Mimi na mzee tulikuwa na ugomvi mdogo. Meja alikuwa akifukuza mbuzi wake. Wiki mbili kabla alikuwa amenikuta njiani akaniambia, "Kijana, funga hiyo mbwa yako. Ikimaliza mbuzi yangu, tutakosana." Maneno ya kawaida ya mwenye mbuzi. Mimi niliyaweka moyoni kama tisho.

Nilipofika kwake nikamkuta Meja anakunywa maji kwenye sufuria kuukuu, ulimi nje, na mzee amesimama kando yake. "Ilikuja na kiu," akaniambia. Sikumshukuru. Nilimshika mbwa ukosi nikamvuta.

Jua halijateremka sana, Meja akaanza kuzungukazunguka uani. Alilala, akaamka, akalala tena. Alijaribu kutapika, akatoa povu tu. Tumbo lilianza kupanda, likawa gumu, likawa limekazwa kama ngozi ya ngoma. Aliniangalia, mwanangu. Mnyama anapoumwa humwangalia bwana wake akidhani bwana anajua la kufanya. Nilimmiminia maziwa mdomoni, kwa sababu mtu alisema maziwa huua sumu. Alikufa kabla watu hawajarudi kwa ibada ya jioni.

"Hii imekula sumu," kuli wangu akasema. Mwingine akauliza maji yale yalitoka kwa nani. Mwingine akakumbuka habari ya mbuzi. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema kikulacho ki nguoni mwako, na methali ikafanya kazi ambayo ushahidi haukufanya. Hakuna aliyeuliza habari ya karai.

Siku ya soko la Amagoro nilisimama kati ya wauza samaki mkavu nikapaza sauti. Nilimtaja Etyang kwa jina lake na la baba yake. Nilisema ametia sumu maji akampa mbwa wangu, na kwamba anayeweza kumfanyia mbwa hivyo anaweza kumfanyia mtu. Sentensi hiyo ya mwisho niliiongeza kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza, na utamu wa kusikilizwa ulinilevya. Ulimi hauna mfupa. Najiona bado nimesimama pale nikiwa nimevaa shati langu jeupe, na hata sasa mashavu yananichoma.

Unaweza kukisia yaliyofuata. Nani atatumbukiza mrija kwenye chungu cha mtu wa sumu? Jumamosi iliyofuata mke wake alipika ajon, na hakuna aliyekuja. Wakati wa kulima ulipofika mzee aliwaalika watu, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani au safari ya Tororo. Hawakumtukana. Walimwepuka kwa adabu, na adabu ya namna hiyo inaumiza kuliko matusi. Yeye hakuja kwangu wala hakwenda kwa chifu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na yeye alichutama.

Mimi nikatafuta mbwa mwingine. Nilimpata dada yake Meja wa mzao wa baadaye, angali mtoto, nikamwita Malkia. Nilimlisha vile vile, karai moja, na nikamkimbiza nyuma ya baiskeli tangu alipokuwa mdogo ili apate miguu ya nguvu. Siku moja mchana, akiwa amekwisha kukua, baada ya kula na kukimbia akaanza kuzunguka. Akalala, akaamka. Povu. Tumbo likapanda. Mwanangu, Mzee Etyang siku hiyo alikuwa ng'ambo ya mpaka kwa binti yake, na Malkia hakuwa ametoka nje ya lango langu.

Nilimpakia kwenye mkokoteni nikakimbia naye kwa daktari wa mifugo Amagoro. Daktari alimgonga tumbo kwa vidole, likalia. Akauliza, "Amekula saa ngapi? Chakula kiasi gani? Halafu amefanya nini?" Nilijibu. Huku mikono yake ikiingiza mpira kooni, upepo ukitoka kwa kishindo na harufu kali, alinieleza bila kuniangalia. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wana maradhi yao. Wakila kingi kwa haraka kisha wakakimbia, tumbo hujaa hewa, na likizidi hujipinda kama mdomo wa gunia lililofungwa. Damu haipiti. Usipowahi, wanakufa siku hiyo hiyo. "Huyu wako limejaa tu, halijajipinda," akasema. "Una bahati. Umewahi kupoteza mwingine hivi?"

Nikasema hapana.

Ndiyo, nilisema hapana. Hilo ndilo linalonitesa zaidi ya sokoni. Sokoni nilikuwa mjinga, na mjinga husamehewa. Kuanzia hapo nilikuwa nimejua. Nilirudi nyumbani na mbwa mzima na ukweli mzima, nikaufungia ukweli ndani. Mvua zikaja. Nilipita kando ya shamba la Etyang nikawaona yeye na mke wake, wawili tu, wanapalilia kipande kilichokuwa kikilimwa na kijiji kizima, na majani yamewashinda. Nilikanyaga pedali nipite upesi.

Kisha mke wake akaja ghalani kwangu kununua mahindi. Mama yule hakuwahi kununua nafaka tangu aolewe. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za watoto. Nikampimia, nikamwongezea gorogoro moja juu, ile kopo yetu ya kupimia, nikajiona nimeshatubu. Akafungua gunia, akaimimina ile ya ziada kwenye rundo langu taratibu, asidondoshe hata punje.

"Umekosea kupima," akasema, akajitwika akaenda.

Nilifunga ghala jua likiwa juu nikaenda kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, nikamwambia yote. Nilidhani atanipoza. Shangazi alikuwa anapepeta wimbi. Akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo mimi nimekataa pombe ya mtu bure," akasema. "Tumekunywa pamoja tangu siku anaoa. Nikapita kwake kama kuna tauni, sababu mtoto wa ndugu yangu alisema."

Nikamwambia nitakwenda kwa mzee jioni, tuzungumze sisi wawili, nimwombe msamaha.

"Kumchafua ulikwenda sokoni," akasema. "Kumsafisha unataka kunong'ona nyumbani? Utarudi pale pale uliposimama. Na mimi nitakuwepo nikusikie."

Nilirudi pale pale, siku ya soko. Nikasema mbwa wangu alikufa kwa karai langu na mbio zangu, na maji ya Etyang yalikuwa maji. Wengine walicheka. Mama mmoja wa samaki akaniuliza nimejua lini, nikamwambia ni tangu kabla ya mvua. Hapo hakuna aliyecheka tena. Akageuza uso akaendelea kupanga samaki wake.

Kutoka pale shangazi aliniongoza hadi kwa mzee, na watu wakatufuata. Mke wake akatoa chungu bila kuulizwa, akamimina maji ya moto. Nikapiga magoti, nikasema niliyokuwa nayo, kisha nikawa wa kwanza kutumbukiza mrija, nikanywa mbele ya wote. Shangazi akafuata. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wameinamisha macho. Mwisho tukamwangalia mzee, maana mrija wake ulikuwa bado umeegemezwa ukutani.

"Kunyweni," akasema. "Mimi nimezoea kukaa tu." Kisha akanitazama, bila hasira, na ningependa ingekuwa hasira. "Hiyo mbwa ilikuwa na kiu. Hiyo tu ndiyo mimi niliona."

Msimu uliofuata shamba lake lililimwa na watu wengi. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, lakini ilisaidia nini? Mpaka anaingia kaburini hakuwahi kukaa tena kwenye chungu na sisi. Alitukaribisha, akatuhudumia, akaketi barazani peke yake. Tulimrudishia jina, hatukuweza kumrudishia imani. Na jina lenyewe tulilirudisha likiwa na kiraka.

Malkia naye nilimponza kwa njia nyingine. Viungo vya nyonga vilimharibika kwa zile mbio za utotoni na kwa unene niliomjaza. Akawa anaburuta miguu ya nyuma wakati wenzake wa umri huo bado wanaruka ua. Hakufika uzee.

Basi sikiliza, mwanangu. Mbwa mkubwa hapewi miaka mingi na Mungu. Yule mdogo wa jalalani aweza kumzika. Usiipunguze hiyo michache. Mlishe kidogo kidogo, asubuhi na jioni, na akishakula apumzike, wala usimkimbize kwa sababu wenzako wanataka kuona. Akiwa mtoto usimnenepeshe upesi, mifupa yake bado laini, na ile pikipiki yako asiifukuze. Ukiona tumbo limekaza na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usingoje kesho wala usimpe maziwa, mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo. Akikohoa na kuchoka bure, huenda ni moyo. Kupe nao mtoe, wanaleta homa inayoua mbwa mwenye nguvu kama wako. Na kabla hujazalisha dume lako, hakikisha nyonga zake ni nzima, usije ukawagawia majirani vilema.

Na siku atakapokufa, kwa maana atakufa, tazama kwanza mkono uliomlisha. Ukimaliza kuutazama wako, utaona huna haja ya kutafuta wa jirani. Ukiwa umekwisha kosea, sema siku ile ile unayojua. Mimi nilingoja mvua ipite, na mvua ile ilinyeshea shamba la watu wawili.

Nenda sasa, mama yako anakungoja. Mungu akujalie mbwa wako aote mvi za mdomo akiwa mlangoni pako. Akulindie ulimi unapokuwa na uchungu. Na akupe, mwanangu, jirani wa kumpa mbwa wako maji, na moyo wa kumwambia asante palepale.