Gauni la Kijani kwenye Benchi la Mlinzi

Mtaani walimwita Mama Vifungo kwa sababu alikuwa na ugomvi wa kudumu na zipu. Ukimpelekea kitambaa cha gauni na zipu yako mkononi, alikurudishia zipu na kukushonea vifungo, nawe ukatoka pale umependeza na umenuna. Alikuwa fundi hodari, mama wa watoto wawili, mke wa dereva wa lori ambaye barabara ilimjua kuliko kitanda chake. Alikuwa pia na ugonjwa wa akili. Ulimwanza baada ya kujifungua mtoto wa pili, akawa anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Tangu alipotibiwa alimeza vidonge vyake kila jioni, akashona, akalea, akacheka na watu. Miaka ilipita bila sauti ya kumsumbua isipokuwa ya wifi yake.

Huyo wifi, dada wa mumewe, aliuza viatu vya mitumba sokoni, na mdomo wake haukuwa na likizo. Lakini asubuhi ile aliposikia kwamba Mama Vifungo anatapika na tumbo limemkamata upande wa kulia hata hawezi kunyooka, alifunga kibanda bila kumuuliza mtu, akamshika mkono, wakaenda hospitali.

Kwenye mapokezi ya dharura nesi aliandika jina, akasoma rekodi zake kwenye kompyuta, na sauti yake ikabadilika. Ikawa ile laini ya kubembelezea watoto.

"Mama, dawa zako unakunywa?"

"Nakunywa, dada. Nimekuja kwa ajili ya tumbo."

"Na zile sauti, zimerudi?"

"Hazijarudi. Ni tumbo. Hapa chini, kulia."

"Sawa mama, tutaliangalia na hilo."

Halikuangaliwa. Idara ile ilikuwa na utaratibu wake: wagonjwa wote walivaa gauni la bluu na kulazwa nyuma ya pazia, ila wenye ugonjwa wa akili walivaa la kijani na kukalishwa kwenye benchi la mlangoni, ubavuni mwa mlinzi, wasije wakatoroka. Walisema ni kwa usalama. Usalama wa nani, anayejua na aseme. Kila aliyepita aliiona rangi akaridhika kwamba ameshaelewa. Mama Vifungo akiguna, walisema ameanza. Akijikunja, walimwambia akae vizuri. Daktari wa magonjwa ya akili angekuja kesho, na mwenye kijani alimsubiri huyo huyo, hata kama kinachomuua ni tumbo.

Wifi alibisha. Alibisha kwa nesi, kwa mfagizi, kwa mtu aliyekuja kutengeneza taa. Nesi akamwambia kwa upole kwamba ndugu wa wagonjwa hawa huchoka, naye apumzike, kisha akaenda kunywa chai.

Mama Vifungo alikuwa ameanza kutetemeka. Midomo ilimkauka, na jasho la baridi lilimtoka. "Wifi," alisema, "nitafia hapa wakiniangalia." Aliamini hivyo, na wifi naye akaamini.

Mtu akikosa njia, hata ukuta huutafutia mlango. Wifi alipitia kwenye toroli la nguo, akachomoa gauni la bluu, akamwambia mlinzi kwamba mgonjwa anataka choo. Humo chooni alimvua mwenzake la kijani na kumvisha la bluu. Sasa benchi lingebaki tupu, na mlinzi angepiga kelele. Basi wifi akavua nguo zake mwenyewe, akazisokomeza kwenye mfuko, akavaa la kijani.

"Umeingiwa na nini?" aliuliza Mama Vifungo huku ameshika ukuta.

"Nyamaza. Nenda ukalale kwenye kitanda kitupu kule nyuma ya pazia. Mimi nakukalia."

Mlinzi aliona kijani kinatoka chooni na kijani kinaketi. Akarudi kwenye gazeti lake.

Nyuma ya pazia daktari wa zamu alikuwa akienda kitanda hadi kitanda. Alifika kwa Mama Vifungo, akauliza panapouma, akabonyeza, akaachia ghafla. Mama Vifungo aliuma shuka.

"Hiki ni kidole tumbo," daktari alisema. "Kinakaribia kupasuka, na kikipasuka sumu inaenea tumboni. Mbona umechelewa hivi kuja?"

"Sijachelewa, daktari. Niko hapa tangu asubuhi."

Daktari hakuwa na nafasi ya kushangaa. Alimweleza upasuaji, Mama Vifungo akakubali mwenyewe kwa akili zake timamu, wakaanza kusukuma kitanda.

Kitanda kilipopita mlangoni, wifi alisimama. "Huyo ni wifi yangu. Naomba nimsindikize."

"Kaa chini, mama," mlinzi alisema. "Wifi yako yuko nyumbani."

"Mimi si mgonjwa."

"Najua. Benchi hili wote ni wazima."

"Kaka, sikiliza. Mimi nina kibanda cha viatu sokoni."

"Na mimi nina ndege mbili. Kaa."

Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumtuliza, na alipopandisha sauti mtu akataja sindano. Ndipo alipofunga mdomo, na waliomjua wasingeamini. Alikaa hivyo hadi nesi aliporudi, akampita, akasimama, akarudi kinyumenyume kumtazama usoni.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Anapasuliwa. Kidole tumbo."

Nesi aliketi pale pale kwenye benchi, kando yake.

Alasiri Mama Vifungo alizinduka wodini, amedhoofika lakini mzima, na wifi yupo pembeni, amevaa nguo zake.

"Mbona kimya?" Mama Vifungo aliuliza.

"Wifi, leo nimesema ukweli mtupu na hakuna aliyeupokea. Nusu siku tu." Alifuta macho. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

"Usinichekeshe, nyuzi zitakatika," Mama Vifungo alisema, ingawa wote wawili walikuwa wakilia.

Jioni ikawadia, saa ya vidonge. Aliingia wodini kwa gauni la bluu, na humo hakuna aliyejua habari zake. Wifi alimnong'oneza: "Nitakuletea kwa siri. Usiwaambie, watakurudisha benchini." Mama Vifungo aliogopa kweli. Lakini alikuwa na dawa nyingine mwilini, na hakutaka kuanza kujificha upya kama mwizi. Nesi wa wodi alipofika, akamwambia: ninao ugonjwa wa akili, na ninakunywa dawa hizi.

Kisha akasubiri sauti ibadilike.

"Huwa unazinywa saa ngapi?" nesi aliuliza, kwa sauti ile ile aliyoingia nayo.

"Saa hizi."

"Nitamuuliza daktari kwanza kama zinapatana na hizi zetu. Na maumivu je?"

"Yapo."

"Wapi?"

Mama Vifungo alionyesha kwa kidole. Nesi akafunua shuka, akainama, akatazama pale pale.