Krismasi Moja ya Nkunzimana

Kila aliyemuuliza Nkunzimana mbona hendi kwao Krismasi alipewa jibu lile lile: tumbaku haimngoji mtu. Desemba ni mwezi wa kupanda miche, na mwenye shamba alilofanyia kazi kule Urambo hakuwa mtu wa kuombwa ruhusa. Basi kila mwaka alinunua gauni, akampa msafiri yeyote anayekuja Kasulu, na roho yake ikatulia. Alidhani kulea ndiko huko.

Alipoondoka kijijini kwao Kagerankanda, binti yake Esteri alikuwa bado ananyonya. Aliporudi Desemba ya 1995, sasa kwa kukaa, alimkuta ana miaka sita na mapengo mawili mdomoni.

Tusimnyime haki yake: sikukuu yenyewe ilikuwa tamu. Walikwenda misa kwa miguu, mtoto kashika viatu mkononi visishike tope, akavivaa mlangoni pa kanisa. Kurudi, Nkunzimana alimnunulia maandazi na kumbeba mabegani, naye Esteri huko juu akawa anamtembeza kijiji: hapa tunateka maji, pale kwa bibi Niyibizi kuna mbwa mkali. Chemchemi hiyo Nkunzimana aliichimba kwa mikono yake, lakini hakumwambia, akauliza maji yake ni matamu? Akacheka njia nzima. Hakuwahi kucheka hivyo Urambo.

Nyumbani, mkewe Epifania alikuwa amechinja jogoo. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, na mtoto ndiye huipeleka. Esteri alipiga magoti, akainua kisahani kwa mikono miwili, akampa Sylvesta, mjomba wake, aliyeezeka paa lile na kulima shamba lile miaka yote.

Sylvesta aliona haya. "Mpe baba yako, mama."

"Baba nimemwekea paja," Esteri alisema. "Mgeni hula paja."

Nkunzimana alilila paja lake. Alitaka kumkasirikia Epifania, akaona hana pa kuanzia. Asiyekuwapo na lake halipo, na yeye hakuwapo mwanawe alipoota meno, alipotembea, alipougua surua. Yalikuwapo magauni sita tu, na gauni halimbembelezi mtoto. Alijuta. Angeomba ruhusa hata mwaka mmoja. Hakuwahi kuomba, hata mara moja. Ukweli huo ndio uliomchoma zaidi.

Asubuhi ya pili alichukua jembe ukutani aende shambani. Esteri alimfuata mbio hadi uani na furushi la viazi vitamu vya kuchemsha, bado vya moto, vimefungwa kwa jani la mgomba.

"Impamba yako, baba. Utakula njiani."

"Nani kakwambia naondoka?"

"Wageni wa Krismasi huondoka kesho yake. Nimewahi kuamka ili usikose gari."

Nkunzimana alichuchumaa, macho yake yakawa sawa na ya mtoto. Alikipokea kile chakula kwa mikono miwili, kwa sababu kilikuwa kimeandaliwa kwa upendo, na hilo nalo lilimuuma.

"Siendi tena, mwanangu. Nimekuja kukaa. Hapa ni kwangu."

Esteri alimtazama, akalitazama jembe, kisha akauliza kwa adabu ile ile ya mtoto aliyelelewa vizuri:

"Mama anajua?"