Mkate wa Bi Mwanakhamis na Makaa ya Kampuni

Kibokoni nzima, mjini Mombasa, ilijua kwamba Bi Mwanakhamis alikuwa na vitu viwili visivyochezewa: sufuria yake na sifa yake. Tangu ujanani alipika mkate wa kumimina wa harusi, moto chini, na moto mwingine juu ya bati lililofunika sufuria. Aliyethubutu kusema mkate wake haukushika rangi hakualikwa tena, hata hitimani.

Mwaka wa sitini na tano ikaja kampuni ya kigeni, imejaa fedha na miwani ya jua. Ikajenga kiwanda huko Kwale cha kuchoma vifuu vya nazi na kuvibana viwe vidonge vya makaa. Kifuu, tulichokuwa tukikitupa jaani, sasa kilihitaji mtaji wa kutoka Ulaya. Na mtaji haupendi mshindani: kampuni iliomba wanakijiji wa huko wakatazwe kuchoma makaa yao. Wakubwa wa serikali wakasema watakubali iwapo wapishi wa mjini wataridhika na vidonge. Bi Mwanakhamis akachaguliwa apike mbele ya watu.

Habari zilimfikia Dzoro, mchoma makaa aliyemletea magunia ya makaa kutoka Kwale kwa miaka kumi na miwili. Asubuhi yake alikuwa kizingitini.

"Bi Mwanakhamis, sikuombi uongo. Pika kwa vidonge vyao tu, basi. Vitajisema vyenyewe."

"Hilo tu? Nenda zako, Dzoro. Nimekubali."

Alikubali kwa moyo mmoja. Alikwisha kuvijaribu: chini vilifaa, lakini juu ya bati vilijifunika jivu vikalala, kama karani aliyeshiba.

Siku ikafika, ua likajaa. Alikuwapo Mzungu wa kampuni, na Barnabas, karani wa serikali, aliyemtafsiria hata kikohozi. Mbele kabisa alikaa Mwanaesha, mpishi wa mtaa wa pili, ambaye hakuja kutazama vidonge. Bi Mwanakhamis akafunua sufuria. Mkate ulikuwa mweupe pepepe. Alichotakiwa kufanya ni kuuacha hivyo hivyo.

"Shoga," Mwanaesha akauliza kwa upole, "siku hizi wautoa hivyo?"

Mgeni ale mkate mbichi nyumbani kwake? Na Mwanaesha autangaze mpaka Mwembe Tayari? Aliingia na sufuria jikoni, akachukua makaa ya Dzoro yaliyokuwa yakichemsha kahawa, akayapalia juu ya bati, akayafunika kwa jivu la vidonge, akairudisha sufuria uani. Alijuta papo hapo, wala hakuyaondoa.

Mkate ukashika rangi. Mzungu akala vipande vinne. Barnabas akaandika, huku akitafuna, kwamba wapishi wa Mombasa wameridhika. Mwanaesha akaomba kipande cha pili, na raha ya Bi Mwanakhamis ilidumu mpaka magharibi.

Miezi mitatu baadaye Dzoro alirudi, amevaa sare ya kampuni, boksi la vidonge begani. Tanuri za kijijini kwao zilikwisha kubomolewa, na makaa mengine hayakupatikana sokoni.

"Nilikuwa na wageni, Dzoro," Bi Mwanakhamis alisema. "Ningewapaje mkate mbichi?"

"Watu wasema mkate ulipendeza," Dzoro akajibu bila hasira. "Mimi sikubahatika kuuonja."

Palikuwa na mkate mezani, umepikwa asubuhi ile kwa vidonge. Akamkatia kipande. Dzoro alikila chote, kibichi juu, akanawa mikono, akamshukuru, akasema mkate ni mzuri.