Mlango wa Bafu la Mama

Mama yangu aliacha kunywa chai kabla sijatambua kwamba ameacha. Alikuwa mtu wa chai, tena ya tangawizi kali, birika zima asubuhi. Alipohamia kwetu Butembo, baada ya nyumba yake ya kando ya shamba la kakao upande wa Beni kuchomwa moto, akawa anaacha kikombe kinapoa mbele yake. Nikasema ni huzuni. Nikasema ni baridi, maana watu wa Beni wakipanda huku hujikunyata hata jua likiwaka. Nilisema mengi ya kijinga.

Ukweli ulikuwa chooni. Mama hakuweza kujisaidia mahali anapojisaidia mkwe wake wa kiume. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo mama yake alivyolelewa. Sisi ni Waislamu, na shehe alikuja nyumbani akamweleza taratibu kwamba dini haina neno na jambo hilo. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi akaniambia, "Ile ni ya dini. Hii ni ya kwangu."

Uwanja wetu pale mtaa wa Kimemi ulikuwa na choo kimoja tu, na ndicho alichotumia mume wangu. Basi Mama akawa anakwenda kwa jirani, mjane mmoja aliyemkaribisha kwa moyo mweupe, hadi siku aliyotia kufuli. Nilimwendea kumwuliza.

"Balocataires balikatala," aliniambia, akimaanisha wapangaji wake. "Banasema mama yako anakawia sana mu ndani."

Alikawia kwa sababu goti lake moja lilikuwa limevimba. Niliondoka bila kuaga, na hadi leo mwanamke yule akinisalimia sokoni mimi huangalia nyanya.

Baada ya hapo Mama akawa anashuka alfajiri kwenye mikaratusi ya bondeni, akijikongoja na fimbo kwenye matope, kabla watu hawajaamka. Na ili asishuke mara nyingi, hakunywa. Nilimnunulia ndoo yenye kifuniko aiweke chumbani. Akaigeuza ya kuwekea unga, kwa sababu alijua nitaimwaga wapi. Akaanza kutayamamu, kujipangusia vumbi badala ya kutawadha, na maji yamo ndani ya mtungi. Nilipomgombeza alisema maji ni ya baridi. Siku alipoanguka jikoni nilimpeleka kwa daktari, naye akanivuta pembeni. Figo zinakauka, alisema. Kama hanywi atakufa, na hatakufa kwa raha.

Mume wangu ni msafirishaji, ana lori la kubeba mizigo kati ya Beni, Butembo na Kirumba. Hakuwa na maneno mengi. Kesho yake alileta matofali. Mahali pekee palipobaki ni nyuma ya chumba chetu cha kulala, kwa kuwa mbele ni barabara na kwingine kote uwanja unaporomoka bondeni. Fundi akasimamisha kuta tatu, wa nne ukiwa ukuta wa chumba chetu, na mlango akauelekeza uani ili Mama aingie na kutoka bila kukutana na mtu. Bati halijapanda, wakaja vijana wa ofisi ya ujenzi na kopo la rangi. Walichora msalaba mwekundu ukutani, wakaandika STOP, wakaondoka kabla sijamaliza kuwatukana. Hatukuwa na kibali. Nusu ya Kimemi haina kibali, lakini msalaba ulikuja kwetu.

Kumbe mkuu wa ofisi ile hakuwa mla rushwa. Angekuwa mla rushwa ningejua pa kumshika. Alikuwa mtu safi, kucha zimekatwa, sweta imepigwa pasi, na usafi wake ndio uliotumaliza. Nilipompelekea mchoro wa fundi kuomba kibali, aliufungua, akachukua kalamu nyekundu, akaigongagonga kwenye ule mlango.

"Mulango inaangalia inje," alisema. "Maman, hii hapana douche. Hii ni annexe ya kulocatisha."

Tangu wakimbizi wa vijijini wajae mjini, watu wengi walijenga vyumba vya uani, wakaviandika kwenye mchoro kuwa bafu, kisha wakavipangisha. Alikuwa amedanganywa na wengi. Sasa mimi ndiye niliyelipa uongo wa mji mzima.

"Ni ya mama yangu, chef. Iko mugonjwa."

"Basi mulango itoke mu chambre yenu. Mama atapita mule. Si weko mutoto yake?"

"Apite mu chambre ya mukwe, chef?"

Akacheka. Makarani wake nao wakacheka, wote watoto wa hapa hapa, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kuelezwa kwa nini mama mkwe hawezi kupita kando ya kitanda cha mkwe wake. Yeye mwenyewe alijua. Nilimwona usoni kwamba anajua, na hilo sijamsamehe.

"Na mama ya bibi yako, mukwe yako," nikamwuliza, "akikuya kwako anajisaidia wapi?"

Kicheko kikakatika. "Ule haiko nakuya kwangu," alisema. "Na wako ungemuacha kwake."

"Kwake iliungua."

Aliinamia mchoro, nikadhani nimempata. Kisha akafunika kalamu yake. "Sawa. Umulete hapa. Aseme na kinywa yake, mimi nisikie."

Nilimleta kwa pikipiki, ameketi upande, mkono mmoja kwenye mtandio na mwingine umenikaba kiuno. Njiani nilimwambia aseme ukweli tu, mara moja, basi. Akaitikia. Ofisi ilikuwa imejaa wanaume waliokuja kwa mambo ya viwanja. Nilidhani yule mkuu atatuingiza kwenye chumba chake, kama mtu aliyezaliwa na mwanamke. Alituacha pale pale kwenye mabenchi, akasimama mbele ya Mama, akapaza sauti kama vile Mama ni kiziwi.

"Maman, mutoto yako anasema haunywi tena mayi sababu ya choo ya mukwe. Ni kweli?"

Wanaume waliinua vichwa. Mmoja aliweka simu yake mfukoni ili asikie vizuri. Mama aliangalia vidole vyake vya miguu, vilivyokuwa vikavu na vyenye vumbi la barabara.

"Ni uongo," alisema. "Miye ninakunywa muzuri. Sina shida na choo ya mutu."

Nilisema, "Mama!" Hakugeuka. Mkuu alifungua mikono yake miwili mbele ya watu wote, kana kwamba anawaonyesha haina kitu. Kisha akaenda mezani, akakata mlango wa nje kwa wino mwekundu, akachora mwingine kwenye ukuta wa chumba chetu cha kulala, akapiga muhuri. Alinikabidhi karatasi, kibali chetu, kwa heshima zote.

"Voilà. Sasa iko na autorisation."

Nje, kabla hatujapanda pikipiki, nilimfokea mama yangu barabarani, mbele ya wauza mkaa. Nilimwambia amejiua kwa kinywa chake mwenyewe. Aliniacha nimalize.

"Ulipenda niseme nini?" aliuliza. "Niseme mambo ya mavi na mukwe yangu, mbele ya banaume?"

Nilimchukia siku ile, nikajichukia mimi, na mkuu yule nikamwombea mabaya ambayo siwezi kuyaandika.

Tulijenga kama karatasi ilivyosema, tukaziba mlango wa uani, maana wale vijana wa rangi walipita kila mara kukagua. Likawa bafu zuri kuliko nyumba yenyewe. Vigae vyeupe, bomba, choo cha kukalia cha juu kidogo kwa ajili ya goti lake. Mume wangu alisema tubadilishane vyumba, Mama achukue chetu. Mama akaniuliza kama ninataka alale mahali mkwe wake amelala na mtoto wake. Mume wangu akachukua safari za Kirumba mfululizo, akawa analala ndani ya lori huko huko ili nyumba iwe yetu. Mama akasema chumba ni cha mwenyewe hata akiwa Kinshasa. Alizunguka nje, akapapasa ukuta wa bafu kwa kiganja, akalisifu kwa wajukuu wake. "Ni muzuri," alisema, kisha akachukua fimbo yake, akashuka kwenye mikaratusi.

Nilimsihi. Nililia. Nilimtishia kwamba nitamrudisha Beni, na hapakuwa na Beni ya kumrudisha. Nilimnywesha kwa kijiko kama mtoto mchanga, akawa ananisubiri nigeuke, ayateme kwenye kitambaa. Kila siku uso wake ukawa mdogo zaidi. Mwisho hakushuka bondeni tena, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kupeleka.

Alikufa asubuhi, katika chumba cha watoto alimokuwa akilala, mimi nikiwa nimeshika kikombe.

Wanawake wa kuosha walikuja mapema. Mkubwa wao alikagua nyumba, akafungua mlango wa chumba chetu, akaona bafu, akaridhika. Mahali pa siri, alisema, maji yapo, sakafu inatiririsha. Tutamwoshea humu.

"Hapana," nikasema. "Hawezi kupita hapo."

"Ameisha kufa, mama," alinijibu kwa upole. "Mukwe inamufanya nini tena?"

Alikuwa na haki, na wenzake walikuwa tayari wameshika pembe za shuka. Ndipo tuliposikia kishindo upande wa nyuma. Mume wangu alikuwa amefika kutoka Kirumba, hajavua hata koti, na alikuwa anapiga ukuta wa bafu kwa nyundo kubwa, pale pale fundi alipoacha mlango siku ya kwanza. Vigae vyeupe vilikuwa vinadondoka ndani. Hakusimama mpaka tundu likamtosha mtu kupita wima, likawatosha wanawake wanne na mzigo wao. Akatundika turubai la lori kuziba nje. Wakamzungusha Mama uani, wakamwingiza hapo, na mara nikasikia maji.

Nilimwendea mume wangu alipokuwa amesimama, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nikamwuliza kwa nini hakuuvunja ukuta ule wiki iliyopita, wakati Mama bado ana miguu.

"Tulikuwa na autorisation," alijibu.

Kisha akaanza kuokota vipande vya matofali njiani, ili wanawake wasijikwae wakati wa kumtoa.