Kiti cha Heshima

Ukifika umri wangu hapa Shinyanga, watu wanaacha kukuona na wanaanza kukutafutia kiti. Ukiingia msibani, kiti. Ukienda dukani kununua chumvi, mwenye duka anamwinua mteja mwingine ili wewe ukae, ukishakaa anaendelea kuwahudumia waliosimama. Ni kiti cha plastiki, mguu mmoja umelegea, nacho huletwa mbio kana kwamba mtu amekuona unaanza kuanguka. Sina ugomvi na adabu. Nimeona tu kwamba mtu aliyekwisha kukalishwa hasumbui tena. Haulizwi jambo, hatumwi popote, na picha ya pamoja ikipigwa anaambiwa asijisumbue, watamfuata hapo hapo alipo. Hawamfuati.

Nilistaafu kazi ya masijala katika ofisi moja ya serikali. Kazi yangu ilikuwa kuinamia mafaili, na siku ya kuniaga walinipa cheti, kitenge na hotuba. Mgongo uliopinda kama mundu nilikuwa nimeshajipatia mwenyewe. Cheti nilikitundika sebuleni. Mgongo nikaendelea kutembea nao.

Kwaya nilijiunga nayo kwa sababu jirani yangu, mama muuza dagaa pale sokoni, alichoka kwenda mazoezini peke yake. Niliogopa kidogo, maana kwaya ninayoifahamu mimi ni ile ya usichana wangu, iliyosimama kama nguzo za simu. Siku hizo ngoma ilikuwa mambo ya kijijini kwa wasiookoka, na aliyetikisa bega kanisani aliitwa na wazee aulizwe bega lile lilikuwa linamwimbia nani. Siku hizi kwaya isiyocheza haialikwi popote. Kwa hiyo nilipokuwa na magoti, kucheza ilikuwa dhambi. Kucheza kulipohalalishwa, magoti yalikuwa yamenitangulia kustaafu.

Mwalimu wetu wa kwaya ni kijana kutoka Kagongwa, mwenye kinanda, filimbi ya refa shingoni, na ulimi ambao hakuununua dukani. Mitindo yake ya kucheza ameipa namba, na anayekosea anaambiwa papo hapo.

"Dada, huo mkono unaimba au unafukuza kuku?"

"Kaka wa besi, kiuno hicho umeazima? Kirudishe."

Wanacheka, wanarudia, wanapatia. Akifika mstari wetu, mimi na muuza dagaa, uso wake unalainika kama wa mtu aliyeingia wodini kumwona mgonjwa.

"Bibi zangu, nyinyi jisikieni huru. Chezeni mnavyoweza."

Nimekaa na barua za serikali maisha yangu yote, nikisoma maneno laini yanayomaanisha hapana. Nilimwambia jirani yangu kwamba huyu kijana ametuhesabu kama madawati.

"Mwache," akasema. "Mimi napenda kusamehewa. Wewe ndiye unataka kupigiwa filimbi."

Kweli nilitaka. Hasa kwa namba nne. Namba nne ni hatua mbili za taratibu kwenda kushoto, kifua kinainuka, mkono wa kulia unafunguka polepole kama unapepeta mchele kwenye ungo, halafu shingo inaufuata mkono. Vijana wanaimaliza haraka wakakimbilie namba tano yenye kuruka. Mimi niliipenda pale pale ilipo. Nilikuwa naifanyia mazoezi jikoni, mwiko mkononi, maji ya ugali yakichemka. Kwa muda mrefu nilifanana na mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Kisha mchana mmoja mgongo ulinyooka bila kuulizwa, mkono ukatoka begani badala ya kutoka kwenye kiwiko, na kitu kizima kikapita mwilini mwangu kama maji kwenye mfereji uliozibuliwa.

Naomba nieleweke. Wanaoandika habari za wazee wanaocheza husema wazee hao walijisikia wasichana. Sikujisikia msichana. Usichana wangu niliutumia kusimama kama nguzo. Nilijisikia mwanamke wa miaka sitini na kitu ambaye mkono wake umetua mzigo na hauna haraka ya kupokea mwingine. Ugali ulitoka na mabuje. Niliula hivyo hivyo.

Nilianza kutembea tofauti, na mtaa ukafanya uchunguzi wake. Madereva wa bodaboda pale kijiweni, ambao huniita kila asubuhi kwa huruma, waliacha kuniita, kisha mmoja akauliza, "Mayu, umeshinda kesi?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na yule kijana hajawahi kuniona mahakamani. Mama mwenye mashine ya kusaga alihoji kama nimepata mchumba. Kwao, mwanamke mzee hanyooki bure.

Ndipo ukaja mwaliko wa Geita. Kanisa moja huko lilikuwa linaweka jiwe la msingi, na kwaya yetu ikaitwa kuimba. Binti yangu ameolewa Geita na broka wa dhahabu, mtu ambaye simu zake tatu zinapokezana kulia. Binti alipiga simu kabla sijamweleza.

"Shikamoo mama. Nimekuwekea kiti turubai la wageni, mbele kabisa, karibu na mama mkwe."

"Marahaba. Mimi nakuja na kwaya."

"Najua. Wao wataimba, wewe utakaa, utapunga mkono."

"Kwani mimi ni mkuu wa wilaya?"

"Mama, ni mbele ya wakwe. Ukianguka je?"

"Nikianguka nitakuwa nimefika chini. Huko hakuna pa kuangukia tena."

Hakucheka. "Mwalimu wenu nimeshaongea naye," akasema. "Amekubali."

Nilimfuata mwalimu mazoezini. Alikiri akiwa ameangalia kinanda. "Bibi, ni heshima tu. Familia imeomba." Nikaelewa kwamba nimeondolewa mstarini kwa makubaliano ya watu wawili ambao umri wao ukijumlishwa haufikii wangu, na kwamba natakiwa nishukuru.

Tulisafiri kwa basi dogo la kukodi, nikiwa nimevaa sare kama wengine. Geita tulipokelewa na vumbi, spika kubwa kuliko kanisa, na mhudumu kijana mwenye utepe wa bluu kifuani aliyenishika kiwiko tangu mlangoni mwa basi. Kiti changu kilikuwa kimevalishwa kitambaa cheupe na kufungwa fundo kubwa mgongoni, kama mtoto wa ubatizo. Mbele yake palikuwa na maji ya chupa. Mama mkwe wa binti yangu alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kufanana.

"Mwangaluka mayu," akanipa salamu ya asubuhi ya kwetu Wasukuma, akanitazama juu hadi chini. "Umenyooka. Ulikuwa unaumwa?"

"Naimba kwaya."

"Sasa mbona uko huku?"

Lilikuwa swali zuri. Kwaya yetu ilikuwa imeshajipanga uwanjani. Nikaona jambo ambalo mwalimu na binti yangu, pamoja na heshima yao yote, hawakulifikiria: hakuna aliyefanya mazoezi ya kuziba nafasi yangu. Kati ya muuza dagaa na mama mwingine palikuwa na pengo la mtu mmoja, na wote walikuwa wanalizunguka kwa uangalifu, kama watu wanaozunguka shimo la mchimbaji.

Ubeti wa kwanza nilikaa. Mabega yalikuwa yanaondoka bila mimi. Ubeti wa pili, kinanda kilipoanza kuelekea namba nne, nilimpa mama mkwe chupa ya maji anishikie, nikainuka.

Kutoka turubai hadi mstarini palikuwa mbali kuliko palivyoonekana nilipokuwa nimekaa. Sikuweza kukimbia, na nisingekimbia mbele ya watu. Nilikwenda kwa hatua ile ile ya wimbo, taratibu, kifua juu. Mhudumu mwenye utepe aliamini nimezidiwa. Akabeba kiti, pamoja na kitambaa na fundo lake, akanifuata nyuma. Nikienda, anakwenda. Nikisimama kwenye mdundo, anakitua. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kutokukubali kwamba kuna asichokijua, akatangaza kwenye spika, "Na sasa mama yetu anakikataa kiti cha dunia hii," na uwanja mzima ukapiga vigelegele kwa ubunifu wa kwaya kutoka Shinyanga.

Nilifika penye nafasi yangu. Muuza dagaa hakugeuza hata jicho. "Umechelewa," akasema kwa pembe ya mdomo, katikati ya aleluya. Mkono wangu ukafunguka. Nililiona vumbi la Geita likipita katikati ya vidole, nikaiona shingo ya kila mtu mstarini ikienda upande mmoja na yangu imo, na kwa muda wa ubeti ule sikuwa bibi wa mtu yeyote. Mhudumu alisimama nyuma yangu na kiti chake hadi mwisho. Nasikia na yeye alishangiliwa.

Binti yangu alinijia baadaye, amejifunika nusu ya uso kwa mtandio. "Mama, umeniua."

"Mwache mwenzangu," mama mkwe akamwambia, bado ameshika chupa yangu. "Mimi nami wangenishonea sare, ungenikuta hapa?"

Binti alitutazama kwa zamu, kisha akaenda kumtafuta mumewe.

Njiani kurudi basi lilisimama Kagongwa ili watu wanunue mchele, maana hakuna mkutano wa Injili unaoweza kumpitisha mtu wa Shinyanga Kagongwa bila mchele. Mimi nilibaki ndani, magoti yamevimba. Mwalimu alipanda, akasimama mbele ya kiti changu, uso umekunjamana. Nilijiandaa kusamehewa.

"Bibi, uliingia na mguu wa kulia."

"Nilitoka mbali."

"Hata kama. Wote tulikuwa kushoto. Halafu shingo umeiwahisha. Mkono kwanza, shingo inafuata. Ulionekana kama umeitwa na mtu pembeni. Umeniharibia namba nne nzima."

Nilimwomba arudie, nikasingizia kwamba sikumsikia vizuri. Alirudia, kwa ukali zaidi, na akaongeza kosa la kiwiko.

"Jumatano uje mapema," akasema. "Tutaisafisha wewe na mimi kabla wengine hawajafika."

"Nitakuja."

Muuza dagaa alipanda na mfuko wake wa mchele, akauliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nilimwambia nimetukanwa. Nikamwomba ausogeze ule mfuko nipumzishie miguu, na basi lilipoondoka nikaurudia mkono pale pale nilipokaa, shingo ikiusubiri.